Kunyonyoka au Kubadili? Majira ya Manyoya ya Ndege Wadogo wa Keroka na Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyotaja wakati ambapo ndege wadogo huacha manyoya ya zamani na kuota mapya. Mifano mingi imetolewa katika mazingira ya Keroka, mji ulioko mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Hoja kuu ni kwamba karibu na ikweta wakati huo huamuliwa na mfuatano wa matukio, yaani mvua, kiota, makinda, kisha manyoya, wala hauamuliwi na jina la msimu. Mfasiri anayeyachukua majira ya Ulaya na kuyavika majina ya pwani ya Afrika Mashariki huipotosha sayansi na lugha kwa pamoja.

Utangulizi

Mji wa Keroka umekaa kwenye mpaka. Barabara itokayo Kisii kuelekea Sotik huupasua, na sehemu yake moja imo katika kaunti ya Kisii na nyingine katika kaunti ya Nyamira. Nje ya mji kuna milima ya migomba, chai, mahindi na mikaratusi, na kati ya milima hiyo hupita mabonde yenye matete na nyasi ndefu. Swali la makala haya linaanzia katika mabonde hayo.

Mvua ndefu zinapokuwa zimekwisha kuotesha nyasi, dume la kweche huonekana akiwa mweusi ti, mabega na kiuno vikiwa vya manjano yanayong'aa. Hupaa kidogo juu ya nyasi, akayatutumua manyoya yake, kisha akashuka na kutua juu ya bua. Miezi kadhaa baadaye mtu akirudi bonde lile lile hamwoni tena. Anachokiona ni kundi la ndege wadogo wa rangi ya udongo, wenye michirizi kama ya shomoro, wakiokota mbegu. Mwenye macho makali atatambua kwamba baadhi yao wana kiraka cha manjano kiunoni. Hao ndio madume wa juzi. Hawakuhama wala hawakufa. Wamebadili manyoya.

Mtoto wa Keroka akiuliza kwa Kiswahili ni jambo gani lililompata ndege yule, atajibiwa kwa kitenzi kipi? Na akiuliza hutokea lini, atatajiwa msimu upi? Maswali haya mawili huonekana madogo. Hata hivyo, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010, na nchini Tanzania watoto wa shule nyingi za msingi husoma sayansi kwa lugha hii. Lugha iliyobeba wajibu huo haiwezi kuridhika na kumwambia mtoto kwamba ndege ameumwa.

Vitenzi vilivyopo

Kitenzi kinachokuja kwanza kinywani mwa watu wengi ni kunyonyoka. Mzizi wake ni ule wa kunyonyoa, kazi ambayo kila jiko la Afrika Mashariki laijua: kuku huchinjwa, huchovywa katika maji ya moto, kisha hunyonyolewa. Kiambishi -k- hukiondoa kitenzi mikononi mwa mtendaji na kukifanya kitaje hali. Kuku amenyonyolewa na mtu. Kuku mwingine amenyonyoka, na hakuna anayeshtakiwa. Mnyambuliko huu ni sahihi kabisa kisarufi. Tatizo lake ni la kisemantiki, kwa kuwa maana ya kitenzi huishia kwenye kupoteza. Kinachobaki akilini mwa msikilizaji ni ngozi tupu. Ndiyo maana kuku aliyenyonyoka hudhaniwa kuwa ana maradhi, na mara nyingine hukimbizwa sokoni kabla hajafa. Ikumbukwe kwamba kuku anayetaga, anapofikia kubadili manyoya yake, husimama kutaga kwa sababu protini iliyokuwa ikienda kwenye mayai sasa huhitajika kwenye manyoya. Mfugaji asiye na neno la hali hiyo huiona hasara pekee.

Kitenzi cha pili ni kupukutika. Hiki ni cha majani na nywele, na sauti yake yenyewe hubeba picha ya vitu vingi vidogo vinavyoanguka mfululizo. Ni kitenzi kizuri, na washairi wamekipenda. Hata hivyo, mti waweza kusimama uchi miezi mitatu usidhurike. Ndege mdogo asiye na manyoya hafiki machweo: akiepuka kipanga, ataliwa na baridi ya usiku wa milimani. Kumpukutisha ndege ni kumfanya mti.

Kipo pia kujivua. Nyoka hujivua gamba, na Waswahili walilitambua jambo hilo mapema hata likawa tamathali ya siasa: mwaka 2011 chama tawala cha Tanzania, CCM, kilieneza msemo wa kujivua gamba kikimaanisha kujisafisha. Kiambishi -ji- kinarudisha utendaji kwa mnyama mwenyewe, na hapo ndipo ubora wa kitenzi hiki ulipo. Nyoka si mgonjwa, anafanya kazi. Lakini gamba la nyoka huvuka likiwa zima, kama kanzu. Manyoya ya ndege hayavuki hivyo.

Linalotokea katika bawa

Unyoya ukishakamilika kukua ni kitu kilichokufa, sawa na ukucha. Umejengwa kwa keratini, hauna damu ndani yake, na ukikatika hauungiki. Jua huupausha, matete huukwaruza, kiota huuchakaza, na wadudu wadogo huula. Ndege aliyelea makinda kwa wiki kadhaa, akiingia na kutoka katika tundu la kiota mara nyingi kila siku, huwa na manyoya yaliyochanika ncha. Njia pekee ya kuyatengeneza ni kuota mengine.

Katika ngozi, pale shina la unyoya lilipopandwa, mbegu ya unyoya mpya huamka na kukua, nao huusukuma nje ule wa zamani. Kwa hiyo kuota hakuji baada ya kuanguka. Kuota ndiko kunakoleta kuanguka. Unyoya mpya hutokea ukiwa umefungwa ndani ya ala, mfano wa kalamu nyembamba yenye damu, kisha ala hupasuka na unyoya hukunjuka. Jambo hili ni la msingi kwa mwanaisimu kuliko linavyoonekana, kwani linageuza mpangilio wa vitenzi vyetu. Anayesema ndege amenyonyoka kisha ameota amepanga matukio kinyume cha jinsi mwili unavyoyapanga.

Bawa ndilo mahali penye utaratibu mkali zaidi. Ndege wadogo waimbao wana manyoya makubwa ya kurukia kumi kwenye ncha ya kila bawa, ingawa la kumi mara nyingi ni dogo mno hata halionekani kwa urahisi. Kwa kawaida la ndani kabisa huanza. Likishafikia urefu wa kutosha, jirani yake hufuata, na hivyo hivyo hadi kwenye ncha. Bawa la kulia na la kushoto huenda sambamba, pengo kwa pengo, ndege asielemee upande mmoja. Mkiani wengi huanza na jozi ya katikati na kuelekea kando. Methali isemayo kwamba kunguru mwoga hukimbiza bawa lake ilitungwa kwa ajili ya watu waangalifu, lakini yeyote aliyemtazama ndege wa kichakani wakati wa kubadili manyoya ataielewa upya: hukaa kimya, hujificha ndani ya majani, haimbi sana, wala haruki mbali.

Gharama yake si ndogo. Katika ndege wengi wadogo manyoya yote yakipimwa huwa mazito kuliko mifupa yote. Keratini huhitaji protini zenye salfa, ambazo mbegu na matunda hazina nyingi, kwa hiyo wadudu huwa chakula cha thamani. Ndege ana kazi tatu kubwa katika mwaka wake: kuzaa, kubadili manyoya, na kwa wale wanaohama, safari. Kwa kawaida hazifanyi kazi hizo pamoja. Humaliza moja ndipo aanze nyingine, na swali la lini huzaliwa hapo.

Saa ya jua mahali pasipo majira

Huko Uingereza jibu la swali hilo ni jepesi kwa kiasi. Siku ndefu kuliko zote mjini London hupata mwanga kwa zaidi ya saa 16, na iliyo fupi kuliko zote hupata chini ya saa 8. Ndege huupima urefu wa mchana, homoni zake zikafuata, akazaa siku zinaporefuka na kubadili manyoya kuanzia Julai hadi Septemba, makinda wakishajitegemea na kabla baridi haijaingia. Kazi yote huchukua wiki kadhaa kwa aina nyingi, na wahamaji walio na haraka huimaliza upesi zaidi.

Keroka iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana wake mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki dakika 10. Hakuna kiangazi cha Ulaya wala majira ya theluji. Mvua za nyanda za juu za Kisii hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na ingawa huzidi kati ya Machi na Mei na tena kuelekea mwisho wa mwaka, karibu kila mwezi hupata sehemu yake. Ndege wa mahali kama hapa hujuaje kwamba wakati umefika?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa mvua na chakula, na bado hilo ni jibu kwa sehemu kubwa. Nyasi zikirefuka kweche hujenga. Wadudu wakizidi, chozi na mnana hulea. Manyoya hufuata makinda. Lakini wataalamu wawili, Eberhard Gwinner na John Dittami, waliongeza jambo lililowashangaza wengi. Walimchunguza ndege mdogo ambaye wataalamu humwita Saxicola. Dume lake lina kichwa cheusi na kifua chenye rangi ya kutu, naye hupenda kutua juu ya vijiti na nyaya za ua katika nyanda za juu za Kenya. Ndege wa jamii hiyo waliotoka eneo la Nakuru waliwekwa nchini Ujerumani ndani ya vyumba ambavyo mwanga, joto na chakula havikubadilika, mwaka baada ya mwaka. Hapakuwa na mvua wala nyasi. Hata hivyo viungo vyao vya uzazi viliendelea kukua na kusinyaa kwa zamu, na manyoya yao yaliendelea kubadilika kwa zamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Science. Ndege hawa walikuwa na mwaka wao ndani ya mwili.

Mwaka huo wa ndani, hata hivyo, haukuwa na miezi 12 kamili. Saa isiyorekebishwa hupotea polepole, na ndege wa porini hawapotei. Ni kitu gani kinachowarekebisha? Mvua ni jibu mojawapo. Mwaka 2012 Wolfgang Goymann na wenzake walionyesha kwamba kuna jingine, nalo lina maana ya pekee kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Urefu wa mchana karibu na ikweta haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, lakini saa ya jua kuchomoza hubadilika. Katikati ya Februari jua huchomoza Keroka yapata saa 12 na dakika 50 asubuhi. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza yapata saa 12 na dakika 20. Ni nusu saa nzima. Ndege wa jamii ile ile ya Saxicola, walipowekewa mwanga wa urefu usiobadilika lakini unaowashwa na kuzimwa kwa kufuata mabadiliko hayo ya mwaka, waliyafuata na kuilinganisha saa yao ya ndani.

Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya jua, na mgeni aliyezoea hesabu ya Ulaya huchanganyikiwa siku ya kwanza. Aghalabu hesabu hii huelezwa kwa kusema kwamba ikweta haina tofauti ya mchana na usiku, hivyo jua hutoka saa ile ile siku zote. Maelezo hayo yanakaribia ukweli, lakini ndege huyu mwenye uzito wa gramu chache anajua kwamba hayajaufikia.

Inafaa kuongeza kwamba utaratibu wa kazi moja baada ya nyingine, ulioelezwa juu kidogo, hulegea katika nchi za joto. Mercedes Foster, aliyewachunguza ndege wa Costa Rica, aliandika mwaka 1975 juu ya ndege wanaobadili manyoya huku wangali wanazaa. Mahali ambapo chakula hakikatiki ghafla, ndege hana sababu ya kukimbia. Hutoa unyoya mmoja, akangoja, akatoa mwingine, na kazi ya wiki sita huweza kuwa ya miezi mitatu au zaidi. Kwa mtazamaji wa Keroka maana yake ni kwamba hakuna siku wala mwezi ambapo ndege wote wako katika hali moja. Katika kichaka kimoja chozi mmoja anaweza kuwa amemaliza na jirani yake hajaanza.

Dume la kweche na mkia wa Kinangop

Kweche na jamaa zake hubadili manyoya mara mbili kwa mwaka, na mara hizo hazilingani. Kabla ya kuzaa, dume hubadili manyoya ya mwili, na kwa aina nyingine mkia pia, akapata weusi na wekundu au manjano yake. Baada ya kuzaa hubadili yote, bawa hadi mkia, akarudia rangi ya jike. Weusi hutokana na melanini anayoitengeneza mwenyewe. Wekundu na manjano hutokana na karotenoidi alizozila katika chakula. Chozi fulani wa nyanda za juu, kama yule wa kijani cha malakiti na yule wa bawa la dhahabu, nao madume wao huacha mng'ao kwa muda, wakabaki na vazi lililofifia.

Thamani ya vazi hilo la muda ilipimwa nchini Kenya. Katika uwanda wa Kinangop, Malte Andersson wa Uswidi alichagua madume 36 wa ndege jamaa ya kweche ambaye mkia wake wa wakati wa kuzaa hufikia karibu nusu mita. Aliwakata baadhi mikia na kuwaunganishia wengine vipande vile kwa gundi. Madume walioongezewa urefu walipata viota vingi zaidi katika maeneo yao kuliko wenzao. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1982 katika jarida la Nature, na tangu hapo haukosekani katika vitabu vya elimu ya wanyama. Kinachosahaulika katika masimulizi mengi ni kwamba mkia ule haudumu. Msimu wa kuzaa ukiisha dume huuacha wote na kuingia kundini na majike, mkia mfupi, rangi ya nyasi kavu.

Wanafunzi wa shule za Kenya hupenda kuandika katika insha kwamba ndege wa mbawa sawa huruka pamoja, kauli ambayo huenda ilitujia kwa tafsiri. Kwa kweche kauli hiyo ni ya nusu mwaka tu. Wakati wa kuzaa madume hufukuzana. Mbawa zikifanana ndipo huruka pamoja. Malenga naye humsifu mpenzi kwa kumlinganisha na tausi, na ni nadra kumkumbuka tausi dume baada ya msimu wa kuzaa, akiwa amedondosha mkia wote na kutembea kama kuku wa kawaida. Si kosa la malenga, kwani tamathali huchagua saa yake. Lakini mwanafunzi wa fasihi anayeifundisha tamathali hiyo angepata mengi kwa kujua kwamba ina upande wa pili.

Wageni wa miezi ya mwisho wa mwaka

Kuna ndege wengine ambao hawakuzaliwa hapa. Kuanzia Septemba hadi Aprili miti ya magharibi mwa Kenya hutembelewa na ndege mmoja wa rangi ya kijani kilichofifia na manjano hafifu, mwenye uzito wa gramu kumi hivi, ambaye jina lake la kisayansi ni Phylloscopus trochilus. Huzaa Ulaya ya kaskazini na Urusi. Tabia yake moja haina wenzi wengi duniani: hubadili manyoya yote mara mbili kila mwaka, mara ya kwanza huko kwao makinda wakishakua, na mara ya pili akiwa Afrika, kabla ya kurejea.

Wageni wengine wana ratiba tofauti. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ndege wahamao usiku wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete tangu mwaka 1969, hasa Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi. Aina inayonaswa kwa wingi kuliko zote ni Acrocephalus palustris, ndege wa vichaka ambaye hupita Kenya na manyoya yake ya zamani na kuyabadili akishafika kusini mwa bara. David Pearson, mmoja wa waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1973 kuhusu namna wageni wa aina hii wanavyobadili manyoya wakiwa Uganda. Kwa hiyo swali la ndege hubadili manyoya lini, likiulizwa Afrika Mashariki bila kutaja ni ndege yupi, halina jibu.

Vuli ya nani?

Hapa ndipo mfasiri anapoingia. Chukua sentensi ya kubuni ya aina inayopatikana katika vitabu vingi vya watoto vilivyotafsiriwa: "Ndege wadogo hunyonyoka manyoya wakati wa vuli." Mfasiri alikuwa na msimu wa Ulaya ulio kati ya kiangazi na baridi, akatafuta neno, akapata vuli. Wengine huandika demani. Maneno hayo yote mawili ni ya Waswahili wa pwani, na yana maana zake timilifu. Vuli ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba. Demani ni kipindi cha mwishomwisho wa kusi, bahari inapotulia na vyombo kusafiri. Majina haya yaliundwa na watu walioishi kwa pepo mbili, kaskazi na kusi, na hayana jani lolote linalopukutika ndani yake.

Sentensi hiyo ina makosa matatu. Kuhusu Ulaya imekosea kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya msimu unaotajwa, Julai na Agosti. Kuhusu Afrika Mashariki imekosea zaidi, kwani katika maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya mvua za vuli ndizo zinazowavika kwelea na jamaa zake mavazi ya kuzaa. Mtoto wa Voi aliyeisoma sentensi ile atatoka nje Novemba na kuona kinyume chake. Kuhusu Keroka haisemi lolote linaloeleweka, maana mkulima wa huko hupanga mwaka wake kwa kupanda, kupalilia na kuvuna, na neno vuli hulikutia kitabuni. Kosa la nne, kama litahesabiwa, ni kitenzi chenyewe.

Yapo mapendekezo ambayo huweza kutolewa kwa haraka. Unyonyokaji ni nomino iliyoundwa vyema lakini imerithi ugonjwa wa kitenzi chake. Upukutikaji umerithi mti. Ujivuaji una uhai, ila msikilizaji ataona nyoka. Makala haya yanaegemea kubadili manyoya, maneno mawili ya kawaida ambayo hata mtoto anayaelewa. Kubadili ni kitenzi elekezi. Ndege ndiye mtenda, na ndani yake mna kutoka na kuingia kwa pamoja, jambo linalolingana na unyoya mpya unaousukuma wa zamani. Kunyonyoka kibaki na kazi yake ya kutaja upotevu wa kweli: kuku aliyedonolewa na wenzake, au ndege mwenye ukurutu. Wapo watakaodai kwamba istilahi lazima iwe neno moja. TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, istilahi za maneno mawili au matatu hazikukosekana, na hakuna sayansi iliyovunjika.

Ugumu zaidi uko kwenye wakati. Pendekezo ni kwamba mwandishi wa Kiswahili ataje tukio linalotangulia, na akimtaja ndege wa Ulaya ataje miezi kwa majina yake. Lugha yenyewe inampa vifaa: -sha- ya ukamilifu, -ki- ya masharti na wakati, -ka- ya mfuatano. Sentensi ile ya kubuni itaandikwa hivi kwa ndege wa Uingereza: "Ndege wadogo wa huko hubadili manyoya kati ya Julai na Septemba, makinda wakishajitegemea." Kwa mgeni wa gramu kumi: "Hubadili manyoya yote kwao kabla ya kuhama, akaja Afrika, akayabadili tena kabla ya kurudi." Na kwa kweche wa bondeni: "Dume hubadili manyoya ya mwili mvua zikianza kuotesha nyasi, na hubadili yote makinda wakisharuka."

Sentensi hiyo ya mwisho haina mwezi wala jina la majira. Msomaji wa Keroka ataielewa, na wa Kinangop, na wa Tsavo pia, ingawa mvua zao haziji mwezi mmoja.